Taa, chanja au kizimba: kikundi cha mwaloni kianze na kipi?

Mkopo wa halmashauri ukishaingia kwenye akaunti ya kikundi, mabishano huanza siku hiyohiyo. Vijana wanataka taa za sola za kuvulia dagaa. Akina mama wanaoanika dagaa wanataka chanja, yaani meza za wavu za kuanikia, na baadhi yao wamesikia habari za vikaushio vya nailoni. Halafu yupo yule aliyetembelea vizimba vya kufugia sato ndani ya ziwa, akarudi na picha kwenye simu, na tangu hapo haongei kingine. Kila mmoja ana hoja yake, na fedha ni ileile moja.

Fedha hiyo mara nyingi ni sehemu ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, ila ina marejesho, na marejesho hayasubiri mbalamwezi ipite wala mvua ikatike. Ndiyo maana nimeona niziweke teknolojia hizi tatu ubavu kwa ubavu, kwa kuangalia mialo ya huku kwetu Mwanza, zile fukwe za Ziwa Victoria ambako mitumbwi hushusha samaki: Ilemela, Magu, Misungwi, Sengerema, Buchosa, na Ukerewe pamoja na visiwa vyake.

Msimamo wangu niuseme mapema, ili anayepinga ajue anapinga nini. Kikundi cha kawaida cha mwaloni kianze na chanja. Taa zifuate, tena zije na mpango wa betri. Kizimba kije mwisho, kwa kikundi chenye uwezo wa kulisha samaki miezi sita hadi minane bila kuingiza shilingi. Sababu yangu kubwa ni ziwa lenyewe. Taa inaongeza nguvu ya kuvua. Chanja inaongeza thamani ya dagaa ambao tayari wamefika nchi kavu. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba 68,800 hivi, hakuna kubwa kulizidi Afrika nzima, lakini wanaolitegemea katika nchi tatu wanaongezeka kila mwaka. Kabla hatujatafuta namna ya kutoa zaidi, tuache kwanza kupoteza kile tunachokitoa.

Taa: karabai imeshashindwa, sasa swali ni betri

Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga, na kwa miaka mingi mwanga huo ulikuwa wa karabai, ile taa ya pampu ya mafuta ya taa. Karabai kubwa hunywa karibu lita moja ya mafuta ya taa kwa saa nane. Kioo chake kikiwa cha moto, matone machache ya mvua yanatosha kukipasua. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na mvuvi wa dagaa, ambaye hakuwa mchakachuaji, naye akaubeba mzigo huo. Tangu hapo kilichowahamisha wavuvi kutoka kwenye karabai ni bei ya lita kuliko semina yoyote ya mazingira.

Tufanye hesabu ya mfano, kila mmoja aweke bei za mwalo wake. Mtumbwi una taa nne. Kwa karabai, kila taa lita moja kwa usiku, lita tuseme ni shilingi 3,000: hiyo ni 12,000 kwa usiku. Kwa usiku 20 za giza katika mwezi, 240,000. Sasa taa nne za LED, kila moja na betri yake ya risasi ya, tuseme, shilingi 90,000. Betri zote nne ni 360,000. Zikidumu mwaka mzima, kila mwezi zimekula 30,000. Chaji ikiwa 1,000 kwa betri, usiku 20 ni 80,000. Jumla 110,000 kwa mwezi dhidi ya 240,000. Hapo hakuna ubishi.

Ubishi unaanza betri zikifa baada ya miezi minne, na huku kwetu zinakufa kweli. Gharama ya betri inapanda hadi 90,000 kwa mwezi, jumla inakuwa 170,000. Bado unaishinda karabai, lakini nafuu ya 130,000 imebaki 70,000, karibu nusu imepotea, na imepotea kwa matunzo tu. Taa ni ileile, jua ni lilelile, ziwa ni lilelile.

Kinachoua betri ni mambo mawili. La kwanza ni kununua ndogo kuliko kazi. Taa ya wati 12 ikiwaka saa 10 inatumia watisaa 120. Betri ya volti 12 na ampea-saa 18 ina watisaa 216 kwenye karatasi (12 mara 18), lakini betri ya risasi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unazo 108 za kutumia. Haitoshi. Kila usiku unaikausha kupita kiasi, na kila usiku unaikata umri. Ya ampea-saa 26 ingekupa 156 na ungelala salama. Tofauti ya bei dukani ndiyo inayomshawishi mtu achukue ndogo, halafu anakuja kuilipa mara mbili.

La pili ni mbalamwezi. Mitumbwi ikipumzika, betri inaachwa ilivyorudi, tupu, chini ya kitanda au kwenye kona ya kambi. Betri ya risasi ikikaa tupu hivyo, chumvi nyeupe hujenga juu ya mabamba yake na ikishakomaa haitoki kwa kuchaji. Mtu anarudi giza likianza, anaiweka kwenye chaji, taa ya kijani inawaka haraka mno, anafurahi. Saa sita usiku taa inafifia katikati ya ziwa. Mita ya fundi umeme, ile ya bei ndogo, ingemwambia mapema: betri iliyopumzika ikiwa imejaa husoma kama volti 12.7, ikisoma 12.1 imebaki nusu, na hapo isitumike tena mpaka ichajiwe. Kikundi kisichokuwa na mita hiyo kisinunue betri hata moja.

Betri za lithiamu zina wepesi, zinavumilia kutumiwa asilimia 80 ya chaji yake, na ikitunzwa moja inaweza kudumu kuliko za risasi kadhaa zikifuatana. Bei yake ya kuanzia ndiyo inayotisha. Ila ukigawanya kwa idadi ya usiku itakazofanya kazi, mara nyingi inatoka nafuu. Sharti ni kwamba iwe na kile kidhibiti chake cha ndani kinachoizuia isichajiwe wala kushushwa kupita kiasi, na fundi wa karibu awe anaijua. Kwa kisiwa ambako fundi ni mmoja na anajua za risasi tu, mimi ningebaki na za risasi na kuzitunza vizuri.

Kuna njia ambayo vikundi vingi havifikirii: badala ya kugawa taa kwa wanachama, kikundi kiwe na kituo cha kuchaji. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo cha namna hiyo Mbita, upande wa Kenya; mvuvi anachukua taa iliyojaa jioni, anairudisha asubuhi, analipia chaji. Kwa kikundi, uzuri wake ni kwamba betri zote zinapita mikononi mwa mtu mmoja anayejua volti, na mbalamwezi ikija haziachwi tupu. Paneli nazo hazilali: zinachaji simu, zinaendesha mashine ya kinyozi. Kwa betri nne za mfano wetu, zinazohitaji watisaa 480 kwa siku, paneli ya wati 150 katika jua la Mwanza, tukihesabu saa 5 za jua kamili na kupoteza asilimia 30 njiani, inatoa kama 525. Inatosha, mradi wingu lisikae siku tatu. Weka na akiba.

Na betri zilizokufa? Ndani yake mna risasi na tindikali. Nimeziona zimetupwa palepale wanapochota maji ya kupikia. Kikundi kiandike kwenye kanuni zake kwamba hakuna anayepewa betri mpya bila kurudisha mzoga wa ile ya zamani. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanazilipia, kwa hiyo hakuna sababu ya kuzitupa ziwani.

Jambo la mwisho kuhusu taa: zinavua. Ukiongeza taa kwenye mwalo ambao mitumbwi imeshajaa, unaongeza mikono kwenye sahani ileile. Kabla ya kununua, muulizeni afisa uvuvi na viongozi wa BMU, kile kikundi cha wanamwalo kinachosimamia uvuvi, masharti ya mwanga na ya tundu la nyavu yaliyopo sasa, mpewe kwa maandishi.

Chanja: mbao, wavu na pesa iliyokuwa ikimwagika mchangani

Nenda Mwaloni Kirumba, soko la dagaa la jijini Mwanza, asubuhi, usimame karibu na mnunuzi mkubwa, wa kutoka Kongo au wa kutoka Dar es Salaam, umtazame mikono. Hapotezi muda na dagaa wa juu ya gunia. Anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anachomoa konzi ya kutoka chini, anaisugua kati ya viganja, anapuliza, kisha anatazama kilichobaki kiganjani. Kikibaki mchanga, bei inashuka papo hapo, na mwenye mzigo hana la kusema kwa sababu mchanga unaonekana. "Mama, hawa ni wa kuku," anaambiwa. Dagaa wale wale, wa usiku ule ule, wa mtumbwi ule ule, wangeweza kwenda mezani kwa watu.

Kuanika mchangani hakuna gharama ya kuanzia, ndiyo maana kumedumu. Gharama yake inalipwa Kirumba. Juu ya chanja, upepo unapita chini na juu ya dagaa, wanakauka haraka na sawasawa, hawakanyagwi, kuku na mbuzi hawawafikii, kinyesi cha ndege tu ndicho cha kulindia. Dagaa wabichi kilo tatu hadi nne hutoa kilo moja ya wakavu, kwa hiyo kila kilo kavu unayoipoteza au kuishusha daraja ilikuwa kilo tatu au nne ziwani. Hapa ndipo hesabu ya uchumi na hesabu ya ziwa zinakutana, na ndiyo sababu naipigania chanja.

Mfano tena. Kikundi kinaanika kilo 600 za wabichi kwa siku. Ukichukua nne kwa moja, unapata 150 za wakavu. Tuseme tofauti ya bei kati ya wa mchanga na wa chanja ni shilingi 500 tu kwa kilo. Hiyo ni 75,000 kwa siku, bila dagaa mmoja wa ziada kuvuliwa. Msichukue namba yangu. Kabla ya kukopa, azimeni chanja moja kutoka mwalo wa jirani, anikeni mzigo wa siku moja nusu kwa nusu, mpeleke magunia yote mawili kwa mnunuzi yuleyule na muandike bei zote mbili. Jibu hilo ni lenu, na ofisa wa maendeleo ya jamii atalielewa haraka kuliko andiko la kurasa ishirini.

Kutengeneza chanja hakuhitaji mhandisi, ila kunahitaji mtu aliyewahi kuanika. Upana usizidi mita 1.2, ili mama akisimama upande mmoja mkono wake ufike katikati bila kulalia dagaa. Urefu kutoka chini uwe kiunoni. Nguzo za mikaratusi zinadumu zikipakwa oili chafu sehemu inayoingia ardhini, maana mchwa wa huku hawana huruma. Lakini oili isifike juu karibu na chakula. Wavu wa plastiki wenye tundu ndogo ni bora kuliko wa chuma unaoshika kutu na kuacha alama nyekundu kwenye dagaa. Chini ya wavu pitisha waya zilizokazwa, la sivyo katikati kutabonyea, dagaa watarundikana pale na wa chini watachacha. Wasambazwe tabaka jembamba, na wageuzwe kabla ya jua la mchana kuwagandisha pamoja.

Jambo ambalo wengi wamelijutia ni kuzijenga kama nyumba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na ziwa lenyewe limejisemea: Mei 2024 maji yalipanda hadi kiwango kisichowahi kupimwa kabla, fukwe zikamezwa. Chanja iliyopigwa misumari ya kudumu ilibaki ndani ya maji. Tengenezeni za kipande kipande, zinazobebwa na watu wanne.

Adui wa chanja ni mvua. Kati ya Machi na Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, wingu la ziwa halina ratiba. Dagaa waliolala na unyevu usiku mmoja wanabadilika rangi, kesho yake wananuka, keshokutwa wana funza. Turubai lililo karibu, tena lenye mtu aliyepewa jukumu la kulifunika, linaokoa mengi. Mtu huyo atajwe kwa jina kwenye zamu ya siku. Likiachwa kuwa kazi ya wote, mvua itawakuta wote sokoni.

Kikaushio cha nailoni: kizuri, ila kidogo

Hapa ndipo kikaushio cha jua kinaingia, ile nyumba ndogo ya nailoni angavu yenye chanja ndani. Joto ndani hupanda sana kuliko nje, mvua haiingii, mchanga hauingii, nzi hawaingii. Dagaa wake ni wa kufungashwa: gramu 250, gramu 500, wenye lebo, wa kuuzwa dukani. Kasoro yake ni kwamba mtumbwi mmoja wenye usiku mzuri unaweza kukijaza na kubakiza mzigo mkubwa nje. Kikundi kinachokinunua kwa matarajio ya kuanika mavuno yote kitalia.

Pia kina mambo mawili ya kuangalia. Nailoni lazima iwe ile ya nyumba za mboga, yenye dawa ya kuzuia jua, unene wa maikroni 200 hivi. Nailoni ya kawaida ya dukani hupasuka kwa jua katika miezi michache. Na joto lipimwe kwa kipimajoto: likipita nyuzi 60, dagaa wanapikwa juu na kubaki na maji ndani, halafu wanaota ukungu kwenye pakiti wakati mteja ameshalipa. Kuna matundu ya hewa juu na chini. Yafunguliwe mchana wa jua kali.

Nimekuta kikaushio kilicholetwa na mradi, kizuri kabisa kwa umbo, nailoni imechanika upande mmoja na mbuzi wamelala ndani. Walionielekeza njia walisema kilifanya kazi vizuri mpaka siku ile kilipochanika. Roli moja ya nailoni ndiyo iliyokosekana. Hakuna aliyekuwa ameweka akiba ya kuinunua, na mradi ulikuwa umeshafunga vitabu.

Kwa hiyo jibu langu ni chanja nyingi kwa ajili ya wingi, na kikaushio kimoja kwa ajili ya pakiti na kwa ajili ya siku za mvua. SIDO Mwanza, shirika la viwanda vidogo, wanasaidia mambo ya ufungashaji na njia ya kufikia alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango. Chuo cha uvuvi cha FETA pale Nyegezi wanafundisha uchakataji. Waendeeni kabla ya kununua, gharama ya nauli ni ndogo kuliko gharama ya kubahatisha.

Vizimba: fedha iko kwenye chakula

Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja Mwanza kuzindua ugawaji wa boti na vizimba kwa mkopo nafuu, na tangu hapo kiu ya vizimba imekuwa kubwa. Ninaielewa. Sato wa ziwani wamepungua, bei yake ni nzuri, na kizimba hakichukui samaki wa ziwani moja kwa moja. Kwa uendelevu wa ziwa, kinaonekana kama ndicho jibu.

Hesabu, tena kwa namba za mfano. Vifaranga 2,000 kwa shilingi 200 ni 400,000. Asilimia 10 wakifa, wanabaki 1,800. Wakifika gramu 400 mnavuna kilo 720. Kwa shilingi 8,000 kwa kilo, ni 5,760,000. Sasa chakula. Mlishaji mzuri atatumia kilo 1.6 za chakula kwa kila kilo ya samaki: kilo 1,152, kwa shilingi 3,000 ni 3,456,000. Baada ya chakula na vifaranga zinabaki 1,904,000, kabla ya mlinzi, mtumbwi, na marejesho ya kizimba chenyewe. Mlishaji asiye makini, anayemwaga chakula kinachozama bila kuliwa, atatumia kilo 2.2. Chakula kinakuwa 4,752,000 na zinabaki 608,000. Kizimba kilekile, vifaranga walewale, tofauti ni mkono wa mtu anayemwaga chakula asubuhi na jioni na uvumilivu wake wa kusimama kutazama samaki wakila.

Kisha kuna hatari ambazo chanja haina. Upepo mkali ukilikoroga ziwa, maji ya chini yasiyo na oksijeni hupanda, na samaki waliofungwa hawana pa kukimbilia. Novemba 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi kwa ghafla namna hiyo. Ghuba zilizojifunga, zinazopokea maji machafu ya mji, ziepukwe. Magugu nayo ni ya kuhesabu: tumezoea magugu maji, na mwanzoni mwa 2025 gugu jingine, salvinia, lilikwamisha hata vivuko vya Kigongo–Busisi. Likifunika kizimba, hewa inakatika. Wizi wa usiku sitauzungumzia sana, kila mwenye kizimba anaujua.

Na kuna jambo linaloniumiza kidogo. Chakula cha samaki kinahitaji protini, na sehemu ya protini hiyo ni dagaa haohao. Tukizidisha vizimba bila kutafuta protini nyingine, soya, funza wa nzi weusi, mabaki ya viwandani, tutakuwa tunamnyang'anya mtoto wa Geita na Shinyanga dagaa wa shilingi chache ili tunenepeshe sato wa hotelini. Wataalamu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, na wenye viwanda vya chakula wanalo la kufanya hapa kabla kizimba hakijaitwa mkombozi.

Barafu na vyumba vya baridi nimeviacha nje kwa makusudi. Vinafaa pale penye umeme wa uhakika na sangara wa kupeleka kiwandani. Kwa dagaa wa mwaloni havina kazi kubwa.

Nani ana ufunguo?

Teknolojia zote tatu zinafia mahali pamoja: siku kitu kinapoharibika na hakuna aliyejua ni kazi ya nani. Kwa hiyo ninapovilinganisha vitu hivi, nauliza vipuri viko umbali gani. Wavu wa chanja unapatikana katikati ya mji wa Mwanza na sindano ya kuushonea anayo kila mvuvi. Waya na nguzo zipo kila kijiji. Betri na kidhibiti chaji vipo mjini, fundi yupo mmoja mmoja. Vifaranga na chakula cha sato vinahitaji msambazaji anayetegemewa, na akichelewa wiki moja samaki wanasimama kukua huku mlinzi akiendelea kudai. Kwa aliyeko visiwani, Ukara au Irugwa, kila umbali huo uongezee kivuko na hali ya ziwa.

Kikundi kinachofanya vizuri huwa na daftari la kifaa mbali na daftari la fedha: kimenunuliwa lini, kimeharibika lini, kimetengenezwa na nani kwa kiasi gani. Huwa na mfuko wa matengenezo unaokatwa kwenye kila mauzo kabla ya kugawana, na mweka hazina hana ruhusa ya kuugusa kwa msiba wala kwa sikukuu. Na huwa na mtu anayelipwa, hata kidogo, kwa kuwa mtunzaji. Kazi ya kujitolea ya kutunza betri hudumu mpaka mavuno ya kwanza mazuri.

Lini mpangilio wangu ubadilike

Kama mwalo wenu bado unavua kwa karabai, na mitumbwi ni ileile isiyoongezeka, taa zitangulie. Nafuu ya mafuta ya miezi michache inaweza kujenga chanja bila mkopo mwingine. Kama wanachama wengi ni vijana wasiomiliki hata mtumbwi, kituo cha kuchaji kinawafaa kuliko taa za kugawana, maana kinaingiza fedha kila jioni na matajiri wa mitumbwi ndio watakuwa wateja. Kama mna watu waliowahi kuajiriwa kwenye vizimba vya wengine, wakakaa msimu mzima, mna akiba ya chakula cha mzunguko mzima, na NEMC, baraza la mazingira, pamoja na afisa uvuvi wameshaliona eneo, basi kizimba kimoja kinaweza kutangulia. Kimoja, si vinne, hata kama mkopo unatosha vinne.

Na kama hamjui mko upande gani kati ya hizo, fanyeni lile jaribio la magunia mawili Kirumba. Mkienda na karatasi ile halmashauri, ombeni pia marejesho yapangwe kufuata mavuno: madogo katika miezi ya mvua, makubwa katika miezi ya jua. Waombaji wengi hawaulizi jambo hilo, wanasaini ratiba ya sawa kwa sawa, kisha Aprili inawakuta turubai limelowa na deni liko palepale.